Kombe la Dunia barabarani: Pikapu inavuta tani sita, watu wanne inawakataa

MECHI 104, timu 48, miji 16, nchi tatu. Kombe la Dunia la 2026 limetandazwa Marekani, Canada na Mexico kuanzia Juni 11 hadi Julai 19, na shabiki anayetaka kuifuata timu yake mji kwa mji anaanza kuumwa kichwa na bei za hoteli na ndege kabla hata hajaangalia msimamo wa kundi.

Wamarekani wana dawa yao ya siku nyingi. Unafunga nyumba nyuma ya pikapu, unaondoka. Ni trela la kulala, lenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu. Kwenye mpira wao ule wa kushika kwa mikono, mashabiki hutangulia uwanjani saa nyingi kabla ya mechi, wanachoma nyama kwenye maegesho na kupiga stori mpaka geti lifunguliwe. Kansas City, mmoja wa miji wenyeji, unasifika sana kwa mchezo huo.

Kwa Mtanzania, Mkenya au Mkongo anayeishi Texas, na wapo wengi, mpango huo unanoga. Houston na Arlington zimepishana kilomita kama 400 tu. Ukitoka Arlington kwenda Kansas City ni karibu 850, barabara moja ya I-35 inakupeleka. Washkaji wanne, trela moja, mafuta mnachangiana. Mechi tatu hata nne kwa gharama ya hoteli ya siku chache.

Tatizo linaanzia kwenye yadi ya magari. Pikapu ipi?

Muuzaji anakimbilia namba moja, ile ya kuvuta. Na namba hiyo inatisha kweli. Ford F-150 za miaka ya karibuni, zikiwa na injini na vifaa vinavyotakiwa, zimepewa uwezo wa kuvuta zaidi ya tani sita. Trela la familia la mita saba na nusu, likiwa limepakiwa, linacheza kwenye tani tatu na kitu. Mtu anaona amemaliza, amebakiza hata chenji.

Hapo ndipo wengi wanapigwa bao la mapema.

Namba ya kuvuta hupatikana kwa kipimo maalumu cha wahandisi wa magari kiitwacho J2807. Gari linapandishwa mlima mrefu wa Davis Dam kule Arizona, kwenye joto, kiyoyozi kimewashwa, na halitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni mtihani mgumu, hakuna ubishi. Lakini ndani ya gari kipimo kinahesabu watu wawili tu, dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Hakuna boksi la vinywaji, hakuna jiko la nyama, hakuna jenereta, hakuna yule jamaa wa kilo 110 anayekaa siti ya nyuma na vuvuzela lake.

STIKA YA MLANGONI

Namba inayoamua safari haiko kwenye tangazo. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, utakuta stika yenye maneno yanayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Hiyo ni ya gari hilo hilo ulilosimama mbele yake. Ndugu yake aliyeegeshwa pembeni, rangi moja, mwaka mmoja, anaweza kuwa na namba tofauti kabisa kwa sababu tu yeye ana paa la kioo na viti vya umeme.

Kwenye pikapu nyingi za daraja wanaloliita "nusu tani", yaani F-150, Silverado 1500, Ram 1500 na wenzao, si ajabu kukuta stika inasoma kilo 680 hivi. Jina la nusu tani ni la zamani, lilitokana na mzigo magari hayo yaliyokuwa yanabeba enzi hizo. Siku hizi yanabeba zaidi, ila sio kwa kiasi ambacho wanunuzi wanafikiria.

Sasa trela halivutwi tu, linabebwa pia. Sehemu yake ya mbele, ile shingo inayokaa juu ya ndoano ya pikapu, inatakiwa ikandamize kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Uzito huo wote unaingia kwenye zile kilo 680. Wengi hawaujui, na wachache wanaoujua wanaukumbuka wakiwa wameshalipa.

Piga hesabu ya washkaji wetu wanne. Trela lao lililopakiwa lina kilo 3,200. Shingo kwa asilimia 13 ni kilo 416. Ndoano nzito yenye vyuma vya kugawa uzito kati ya ekseli za mbele na nyuma, weka kilo 45. Jumla 461. Toa kwenye 680, zinabaki 219. Watu wanne wa kilo 80 ni 320.

Yaani gari lenye uwezo wa kuvuta tani sita limeshindwa kuwabeba watu wanne kwa zaidi ya kilo 100, na bado hawajapakia hata chupa ya maji. Wakiwa wawili wanatosha, na wanabakiwa na kilo 59 za vitu vyao. Wawili wengine wapo benchi.

Na hizo kilo 3,200 zenyewe zichunguze. Vipeperushi vya matrela vinapenda kutaja uzito mkavu, trela likiwa halina kitu. Hakuna anayesafiri hivyo. Tangi la maji la lita 150 likijaa ni kilo 150. Mitungi ya gesi na betri hukaa mbele kabisa, juu ya shingo, na mara nyingi uzito wa shingo unaoandikwa haujazihesabu. Namba ya kushika ni ile ya juu kabisa ambayo trela limeruhusiwa kufika, imeandikwa kwenye kibati chake ubavuni.

KILO 100 ZINAFANYA NINI?

Mtu aliyezoea kuona Fuso ikipanda na mzigo mara mbili ya uwezo wake atauliza kilo 100 ni nini. Matako ya gari yanazama, pua inanyanyuka. Matairi ya mbele, yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, yanaelea. Taa zinamulika madirisha ya wenzako. Kwenye njia iliyonyooka husikii kitu. Unasikia siku ya kukwepa.

Njia ya I-35 kupita Oklahoma na Kansas ni tambarare, na upepo wa pembeni haukosekani. Trela ni ukuta wa bati. Lori kubwa likikupita linalisukuma, halafu linalivuta, na trela likianza kutikisa mkia linaivuta pikapu nayo icheze. Kukanyaga breki kwa nguvu hapo ni kujimaliza. Anayejua anaachia mafuta, anashika usukani bila kuuzungusha hovyo, na kwa mkono anabana breki za trela peke yake kwa kile kidude kilichofungwa karibu na usukani. Kama pikapu haina kidude hicho, ni ya kuachana nayo kwa trela la ukubwa huu.

Kuna ujanja mmoja wa kijinga unaopendwa sana. Mtu akiona shingo imezidi, anahamishia mizigo nyuma ya trela. Kweli shingo inapungua. Ikishuka chini ya ile asilimia 10 ndio umelikaribisha hilo trela licheze. Bora kuacha jenereta nyumbani.

Kwa wanaotaka kufuata mechi za pwani ya magharibi, Seattle, Santa Clara na Inglewood, kibao kinageuka na kuwa cha milima. Barabara ya I-5 inapita Siskiyou, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya Los Angeles kuna mteremko wa Grapevine. Dereva aliyewahi kushuka Kitonga na mzigo anajua kwamba kupanda ni kazi ya injini na kushuka ni kazi ya akili. Gia ndogo mapema, breki za kugusa na kuachia. California nayo hairuhusu gari linalovuta trela kuzidi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, hata kama wenzako wanapita kama Mayele kwenye ubora wake.

Basi washkaji wanne wana njia mbili za kweli. Wapande daraja, wachukue "robo tatu tani", F-250, Silverado 2500 au Ram 2500. Stika ikisoma kilo 1,150, baada ya shingo, ndoano na watu wote wanne bado wana kilo 369. Ila hata huku stika isomwe. Injini ya dizeli ni nzito, na zipo za kifahari ambazo uwezo wa kubeba umeshuka hadi karibu kilo 900.

Au wabaki na nusu tani yao na kupunguza nyumba. Trela fupi la kilo 1,800 lililopakiwa lina shingo ya kilo 234. Ongeza ndoano, ongeza watu wanne, kwenye zile 680 zinabaki 81. Watalala wamebanana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa 12 jioni, lakini wote wanne wamesafiri, na mafuta hayatawatafuna sana. Trela kubwa linaweza kuifanya pikapu inywe karibu mara mbili. Kwa safari ya wiki mbili tatu ya mpira, hii ndiyo inayoonekana kuwa na akili zaidi. Robo tatu tani ni ya mtu ambaye Julai 20 bado atakuwa na kazi nayo.

Kwa anayetua kutoka Dar es Salaam au Nairobi akidhani atakodi pikapu uwanja wa ndege na kwenda kufunga trela, asome mkataba kwanza. Kampuni nyingi za kukodisha magari Marekani haziruhusu gari lao kuvuta kitu. Huyo ni bora akodi gari lenye nyumba juu kwa juu, au aungane na mwenyeji.

Likishafungwa na kupakiwa kila kitu, watu wakiwa ndani, lipelekwe mizani kabla ya safari. Vituo vingi vya malori kule vina mizani ya CAT Scale, unalipia dola chache, unapewa karatasi yenye uzito wa ekseli za mbele, za nyuma na za trela. Huko hakuna askari anayekusubiri na faini kama mizani za kwetu, unajipima mwenyewe. Karatasi ikisema mmezidi, mtaelewana hapo hapo kituoni nani apande basi.