Satish Gujral, mchoraji wa India aliyeishi bila kusikia

Redio ni kazi ya masikio, lakini leo tunawaletea habari za mtu aliyekaa zaidi ya miaka 60 bila kusikia.

Satish Gujral alizaliwa mwaka 1925 mjini Jhelum, ambao leo uko Pakistan. Wakati huo ilikuwa bado India chini ya Waingereza. Akiwa na miaka 8 alipata ajali mtoni huko Kashmir. Aliumia miguu, maradhi yakafuata, akawa kiziwi. Shule nyingi zilimkataa. Baba yake hakumficha ndani, kama baadhi ya wazazi wanavyofanya hata sasa. Mwaka 1939 kijana aliingia shule ya sanaa ya Lahore, akajifunza kazi za mbao, mawe na udongo.

Mwaka 1947 India iligawanywa na Pakistan ikazaliwa. Mamilioni ya watu walikimbia makwao, wengi wakauawa. Gujral, kijana wa miaka 21, alimsaidia baba yake kuwavusha wakimbizi. Vilio hakuvisikia, aliviona: midomo wazi, mikono iliyofunika nyuso, wanawake waliojitanda nguo wakiomboleza. Aliwachora hivyo kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yetu hizo ndizo picha zake zenye nguvu kuliko zote.

Mwaka 1952 alikwenda Mexico kujifunza kwa Diego Rivera na David Alfaro Siqueiros. Wachoraji hao walichora historia ya nchi yao kwenye kuta za majengo ya umma, hata asiyejua kusoma aielewe. Aliporudi, Gujral alichora sura za viongozi, akiwemo Jawaharlal Nehru. Picha yake ya mpigania uhuru Lala Lajpat Rai ilitundikwa bungeni. Kisha akahamia kwenye kuta: ukuta wa nje wa Mahakama Kuu ya Delhi aliujaza maumbo ya herufi. Hata ubalozi wa Ubelgiji mjini humo aliusanifu yeye, ingawa hakuwahi kusomea usanifu wa majengo.

Kwa miaka mingi mkewe, Kiran, ndiye aliyekuwa masikio yake. Mwaka 1998 Gujral alifanyiwa upasuaji nchini Australia, akawekewa kifaa cha kusikia, na sauti zikarudi akiwa na zaidi ya miaka 70. Alifariki dunia Machi 2020. Mchoro wake wa mahakamani uko upande wa nje, anauona hata mpita njia asiye na kesi.