Mashine ya Kahawa Ikigoma, Fuata Maji

Mashine ya kahawa ikigoma katika nyumba ya Kilimani au Lavington, magharibi mwa Nairobi, ushauri wa kwanza huwa ni ule wa kijitabu kilichokuja nayo: ondoa chokaa. Ushauri huo unafaa London, ambako maji ya mfereji hupitia miamba ya chokaa. Nairobi mambo ni mengine, na anayeimiminia mashine siki na asidi za dukani kila mwezi huenda anaziharibu bure sehemu za alumini na mipira ya ndani, huku ugonjwa wenyewe ukibaki palepale. Afadhali aanze kwa kufuata njia ya maji, toka tangi hadi kikombe.

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji jijini hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, ambalo hulishwa na mito ya milima ya Aberdare. Miamba ya huko ni ya volkeno, hivyo maji hayo yana kalsiamu kidogo. Ila kuna mgao: bomba hukauka, na maji yakirudi huja na tope na kutu, kisha vyote hutua kwenye tangi la paa. Mitaa ya magharibi nayo hutegemea sana visima virefu, na maji ya vingi ni ya magadi na floridi, baadhi yakipita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani (na floridi haiondoki kwa kuchemsha). Magadi hayo huua uchachu mzuri wa kahawa ya Nyeri, mtu akadhani mashine imechoka. Utasema birika lako lina ukoko mweupe, basi ni chokaa. Hapana, weupe hautoshi. Kausha maji kidogo kwenye sufuria safi, kisha mimina juu ya masalia maji ya chupa. Yakiyeyuka yote, ni magadi. Yakibaki, yatilie siki: yakitoa povu ni chokaa, na hapo kijitabu kina haki yake; yakikaa kimya, tena yana rangi ya udongo, ni tope, na dawa yake ni kuosha tangi na kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa mpira unaofyonza maji.

Baada ya hapo, sikiliza. Pampu inayonguruma kwa sauti kubwa bila kutoa maji mara nyingi imemeza hewa, hasa tangi likiwa liliachwa likauka. Jaza tangi, fungua bomba la mvuke, uiache pampu isukume hadi maji yatoke bila kukatika. Kisha toa mpini wa kahawa na uwashe mashine ikiwa tupu. Maji yakishuka vizuri, kosa liko kwenye kahawa iliyosagwa laini mno au kwenye kikapu chake. Yasiposhuka, fungua skrubu ya chujio la juu na uangalie mafuta meusi ya kahawa yaliyoganda nyuma yake. Kuna jambo lingine ambalo si ugonjwa kabisa. Dagoretti, upande huohuo wa magharibi mwa jiji, iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Maji yaliyopashwa zaidi ya hapo ndani ya mashine yakifika nje hugeuka mvuke na kutemwa kwa kishindo, jambo ambalo Mombasa lingetokea kwa nadra. Toa maji kidogo kwanza ndipo ufunge mpini.

Wapo watakaosema haya yote ni kazi ya fundi. Kwa upande wa umeme nakubali. Mashine ikiwa kimya kabisa, chomoa, ubadilishe fyuzi ya plagi ya miguu mitatu, uhakikishe pia kwamba haikutoka Marekani, kwenye umeme wa volti 120, nusu ya 240 zetu. Zaidi ya hapo, au ikikurusha shoti hata kidogo, ipeleke kwa mafundi wa barabara ya Luthuli, katikati ya jiji. Huko huenda ikabainika kwamba kilichoungua ni fyuzi ya joto, kipande kidogo kinachokata umeme mara moja tu mashine ikipata moto kupita kiasi. Fundi mwenye haraka huunga waya mahali pake, na mashine huwaka vizuri sana, ila haina tena kitu cha kuizuia kuungua. Omba uonyeshwe fyuzi mpya kabla kifuniko hakijafungwa, na uulize ni nini kilichoifanya ile ya kwanza iungue.