Je, Wajua? Paka na mbwa huelewana wakikutanishwa mapema

Mtoto wa paka anayezoeshwa mbwa akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7 huweza kuishi naye kwa amani hadi uzeeni.

• Mbwa hutikisa mkia akifurahi. Paka huupigapiga akikereka. Hapo ndipo ugomvi huanzia!

• Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni. Kwenye kaya za Ilemba, mkoani Rukwa, ndiyo saa vifaranga wanapotoka bandani na kurudi. Ili asiwawinde, mchezeshe paka kwanza kwa gunzi la mahindi lililofungwa kamba, kisha mpe chakula. Akishiba, hujilamba, hujikunja, hulala.

• Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Achanjwe akitimiza miezi 3.