Bolti Ndogo, Mzigo Mkubwa: Rimu za Vipande Katika Miteremko ya Kilema

Kila mwezi wa Desemba, barabara zipandazo kutoka Himo kwenda Kilema, Marangu na Mwika hujaa magari. Wenyeji wa Kilimanjaro wafanyao kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani kwa sikukuu, na magari yao hukabiliwa na mtihani ambao barabara tambarare za mjini hazina: mteremko mkali, kona za mfululizo, na breki zinazotumika mfululizo hata zikapata moto. Katika mtihani huo kila kiungo cha gurudumu hubeba mzigo wake kwa ukamilifu.

Hata magari ya zamani ya mwendo kasi hayaepuki mtihani huo. Aina hiyo ya magari ilipata sifa Afrika Mashariki kutokana na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z, gari dogo la milango miwili, lilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Wapenzi wa magari ya jinsi hiyo huyapamba kwa rimu za aloi ya alumini zilizoungwa kwa vipande. Rimu hizo hudumu miaka mingi, lakini bolti zake huchoka mapema zaidi. Bolti moja ikikatika, mwenye gari huanza kutafuta nyingine, na hapo ndipo hatari huanza.

Rimu ya vipande ni nini?

Rimu ya kawaida ni kitu kimoja. Rimu ya vipande huwa na viwili au vitatu: kitovu kinachofungwa kwenye ekseli, na pete za nje na za ndani zinazoshika tairi. Vipande hivyo hubanwa pamoja kwa bolti zilizopangwa kwa duara, mara nyingi kati ya 20 na 40. Kampuni ya BBS, iliyoanzishwa Schiltach nchini Ujerumani mwaka 1970, ilieneza sana mtindo huu, hasa kwa rimu yake iitwayo RS ya mwaka 1983. Faida yake ni kwamba pete iliyopinda yaweza kubadilishwa pasipo kutupa rimu nzima.

Bolti hizi zisichanganywe na zile nne au tano zinazofunga gurudumu kwenye gari. Bolti za gurudumu hufunguliwa kila tairi linapobadilishwa. Bolti za rimu hazifunguliwi ila rimu yenyewe inapotengenezwa.

Bolti ni springi

Watu wengi hudhani kwamba bolti huzuia vipande visiachane kama msumari unavyozuia ubao. Sivyo. Bolti ikikazwa hunyooka kidogo, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake wa awali hubana vipande kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo bolti ni springi ngumu sana.

Chukua mfano wa bolti ya kipenyo cha milimita 7, ya daraja la 10.9. Namba hiyo, ambayo huchapwa kichwani mwa bolti, ina maana yake. Ile ya kwanza, 10, ikizidishwa kwa 100 huonyesha kwamba chuma hicho hakikatiki kabla ya kuvutwa kwa nyutoni 1,000 hivi kwa kila milimita moja ya mraba. Ile ya pili, 9, huonyesha kwamba kikifikia sehemu 9 kati ya 10 za nguvu hiyo huanza kunyooka pasipo kurudi. Eneo linalobeba mzigo katika bolti hiyo ni milimita za mraba 28.9. Ikikazwa hadi robo tatu ya kikomo chake cha kunyooka, hubana kwa nguvu ya nyutoni 19,500 hivi, sawa na uzito wa tani 2. Bolti 30 zikifanya kazi pamoja hubana kwa karibu tani 60.

Na bolti hiyo imenyooka kiasi gani? Ikiwa unene unaobanwa ni milimita 20, ni karibu sehemu 7 tu za 100 za milimita moja, yaani unene wa unywele. Hivyo kutu kidogo au rangi nene chini ya kichwa cha bolti ikisagika, springi hulegea. Vipande huanza kucheza, na kila gurudumu linapozunguka bolti hukunjwa na kunyooshwa. Chuma kikikunjwa mara maelfu kwa maelfu hufanya ufa, na ufa hukua kimyakimya hadi bolti ikatike. Jirani zake hupokea mzigo wake, nazo hufuata.

Kupima kabla ya kununua

Kipenyo cha milimita 7 hutumika katika rimu nyingi za aina hii, lakini ni adimu madukani. Maduka ya vipuri ya Moshi, kama mengine mengi, huuza zaidi za milimita 6, 8, 10 na 12. Aidha rimu nyingine, hasa za Uingereza na Marekani, hutumia vipimo vya inchi. Bolti ya robo inchi ina kipenyo cha milimita 6.35, na kwa macho haitofautiki na ile ya milimita 6.

Kwa hiyo hapana budi kupima kwa vernia kipenyo, urefu chini ya kichwa, na umbali kati ya jino moja la hesi na la pili. Umbo la kichwa nalo litazamwe, kwani nyingi zina kichwa chembamba chenye pembe 12. Akiwa na vipimo hivyo, mtafutaji aweza kuulizia Gerezani mjini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road mjini Nairobi. Akikosa, huagiza kwa mtengenezaji wa rimu au kwa wauzaji wa vipuri vyake nje ya nchi. Ni vema kuagiza seti nzima, kwa maana bolti zilizobaki zimefanya kazi miaka ileile na ile iliyokatika.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni kutumia bolti ya milimita 6 katika tundu la 7. Eneo la kubeba mzigo hushuka kutoka milimita za mraba 28.9 hadi 20.1, upungufu wa asilimia 30. Kupanua tundu ili liingie bolti ya milimita 8 nako si dawa, kwani hupunguza alumini iliyo kati ya matundu.

Mtego wa pili ni bolti ya chuma kisichoshika kutu. Yavutia kwa mng'ao wake, lakini ile inayopatikana kwa kawaida, ya alama ya A2-70, hukatika kwa nyutoni 700 hivi kwa milimita ya mraba. Zaidi ya hayo, metali mbili tofauti zikigusana penye maji yenye chumvi au tope hufanya betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Katika mvua za masika Kilema, maji na tope havikosekani.

Mtego wa tatu ni kuzipaka bolti ngumu zinki kwa umeme ili zing'ae. Kazi hiyo huingiza hidrojeni ndani ya chuma. Isipotolewa kwa kukipasha chuma joto la nyuzi 200 hivi kwa saa kadhaa, bolti yaweza kukatika ghafla ikiwa imetulia tu.

Je, zaweza kuchongwa Moshi?

Ufundi wa chuma si mgeni katika miteremko hii. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, walisifika kwa mikuki iliyofuliwa kwa chuma kilichotoka Upare. Leo mkerezaji hodari mjini Moshi aweza kuchonga bolti yenye vipimo sahihi kabisa. Lakini vipimo ni nusu ya kazi. Bolti za kiwandani hutengenezwa kwa chuma kinachojulikana, hesi zake huviringishwa kwa kugandamizwa badala ya kukatwa, kisha hupashwa moto, huzimishwa kwa ghafla na kupashwa tena kwa joto la kadiri. Bolti iliyochongwa kutoka nondo ya mabaki yaweza kufanana nayo kwa sura, huku nguvu yake ikiwa nusu tu au pungufu. Mkerezaji na atumiwe kwa vifaa vya kupimia, washa na vifuniko. Bolti ya rimu inunuliwe ikiwa na alama yake.

Kufungua na kufunga

Jambo moja halina mjadala. Kabla ya kulegeza hata bolti moja ya rimu, hewa yote itolewe kwenye tairi, na sindano ya valvu iondolewe kabisa. Hewa iliyobanwa husukuma vipande viachane, na bolti ndizo zinazoizuia. Fundi anayezifungua tairi likiwa na hewa aweza kuuawa na kipande kinachoruka. Sheria hiyo yahusu pia rimu za kijeshi za Land Rover zinazofungwa kwa nati, ambazo huonekana mashambani.

Wakati wa kufunga, nyuso zisafishwe, na bolti zikazwe kwa kuvuka duara, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo. Kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji kifuatwe, pamoja na agizo lake kuhusu mafuta. Kwa kawaida karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu ya spana humezwa na msuguano. Bolti iliyopakwa mafuta ikikazwa kwa kipimo cha bolti kavu yaweza kunyooshwa kupita kikomo.

Kisha vipande huzibwa kwa gundi ya mpira na kuachwa ikauke. Siku moja ya kungoja gundi, na majuma kadhaa ya kungoja bolti kutoka mbali, ni gharama ndogo kwa gari litakaloteremka kutoka Kilema hadi Himo likiwa limejaa watoto.