Sauti ya Kuazima

Mamangu alipasuliwa moyo mjini Chennai, India, mwaka 2018, na mimi ndiye niliyempeleka. Idi ilikuwa imetoka tu, mfunguo mosi, wakati ambao mpiga kinanda wa arusi Mombasa halali kwake. Niliwaachia wenzangu bendi, nikabeba faili la mama na sanduku moja, tukapanga chumba karibu na Greams Road, mtaa ambao kila mlango una mgonjwa: huku Mbangladeshi, huku Momani, huku Mkenya. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka 70 hivi. Mtaa mzima ulimwita Amma, yaani mama. Mamangu naye akamwita hivyo hivyo, akasema neno hilo halina haja ya mkalimani.

Sebuleni palikuwa na kinanda kidogo cha mjukuu wa Amma, msichana wa miaka 16. Jioni ya tatu nikaomba ruhusa nikakiwasha. Nikapiga wimbo wa marehemu Juma Bhalo, mmoja wa zile alizozitia maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya picha za Kihindi, nikiamini nampa mwenyeji wangu zawadi. Amma alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa upande huu na huu, kutikisa ambako kule ni kukubali, kisha akainua kidole: “Hindi.” Akajigusa kifuani: “Tamil.”

Nikaelewa kwamba nimemwimbia mtu wa Kisumu kwa lugha ya Lamu nikitaraji alie kwa furaha.

Kosa si langu peke yangu, ni la lugha yetu. Kwetu “Kihindi” ni lugha, ni chakula, ni picha, ni mtu na duka lake. Chennai, ambayo hadi 1996 ikiitwa Madras, ni mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, na Kitamil hakina undugu na Kihindi cha Bombay. Kina wasemaji zaidi ya milioni 70, kina maandishi ya zaidi ya miaka elfu mbili, na ni lugha rasmi pia Sri Lanka na Singapore. Mwaka 1965, serikali kuu ilipotaka Kihindi kiwe ndiyo lugha ya dola peke yake, wanafunzi wa Madras waliingia barabarani na watu wakafa. Amma alikuwa msichana wa shule wakati huo. Hakunisimulia mengi, ila tangu siku ile sikumpigia tena Bhalo.

Alinipa mbadala. “Jumamosi usiku,” akasema kupitia kwa mjukuu, aliyekuwa akitutafsiria kwa Kiingereza, “njoo ukae hapa.”

Kilichokuja Jumamosi ni shindano la kuimba liitwalo Super Singer, la televisheni ya Vijay, lililoanza mwaka 2006. Mama alikuwa bado wodini, kwa hiyo tulikaa watatu. Jukwaa lina taa za kuumiza macho, bendi nzima inapiga nyuma, waamuzi wanne wamekaa mbele. Nilingoja kusikia nyimbo za washindani wenyewe, kama tulivyozoea kwamba msanii mchanga hujitangaza kwa kibao chake. Sikuusikia hata mmoja. Kila aliyepanda usiku ule aliimba wimbo wa filamu ambao sebule nzima iliujua kabla hajafungua mdomo. Amma alikuwa akitangulia kwa midomo, kama bibi zetu wanavyomtangulia msomaji wa maulidi.

Hapo ndipo penye utamu wa shindano. Ukiimba kitu kipya, nani atajua umekosea? Ukiimba kilichokaa masikioni mwa watu miaka 40, umejitia mtihanini. Waamuzi walirudia maneno matatu mpaka na mimi nikayashika. Sruthi ni ile sauti ya msingi ambayo mwimbaji hatakiwi kuiacha, hata ala zote zikinyamaza. Sangathi ni namna ya kuukunja mstari mmoja: unaurudia, na kila ukirudia unauongezea kona, na kona hizo wasikilizaji wanazihesabu. La tatu, bhavam, ni hisia. Hilo mwamuzi hulitaja akiwa amekwisha kutafuta kosa akalikosa. Wimbo una pallavi, ambayo ni kama kiitikio chetu, na charanam, ambazo ni beti. Mizizi yake iko katika muziki wa kale wa kusini, Karnatiki, ambao mjukuu wa Amma alikuwa akijifunza kwa mwalimu kila Jumanne saa 11 alfajiri. Mimi saa hiyo huwa ndio kwanza natoka arusini.

Halafu kuna herufi. Neno Tamil lenyewe, likitamkwa na wenyewe, linaishia kwa sauti ambayo si l wala si r. Ulimi unakunjwa nyuma mpaka karibu na paa la kinywa, na pumzi inapita juu yake. Mshindani anayeivuruga atakosolewa mbele ya mamilioni. Mama aliporudi kutoka wodini tulimfanyia onyesho: mimi najaribu, msichana anacheka, Amma anashika kidevu changu kunielekeza. Mama akashika kifua chake chenye mshono. “Msinichekeshe,” akasema, “nyuzi zitakatika.”

Ajabu ni kwamba wengi wa waliozipamba nyimbo hizo hawakuzaliwa na herufi hiyo. S. P. Balasubrahmanyam na P. Susheela lugha yao ni Kitelugu. Yesudas na K. S. Chithra ni wa Kimalayalam. Nilimuuliza Amma watu wanaolinda lugha yao hivi wanakubalije kuimbiwa na wageni. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu. Sauti, akasema, ni ya kuazima.

Ilibidi anieleze, na maelezo yake nimeyajaza baadaye kwa kusoma. Filamu ya kwanza ya sauti ya Kitamil, Kalidas ya mwaka 1931, ilipigwa Bombay, na ndani yake mwanamke anazungumza Kitamil huku shujaa anamjibu kwa Kitelugu. Hakuna aliyejali, kwa sababu watu walikwenda kusikiliza nyimbo, na zilikuwamo kama 50. Zama hizo mwigizaji sharti awe mwimbaji. Mkubwa wao alikuwa M. K. Thyagaraja Bhagavathar; picha yake Haridas ilianza kuonyeshwa mwaka 1944 na ikakaa katika ukumbi mmoja wa Madras mpaka sikukuu ya Dipavali ikaikuta mara tatu. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 mafundi waligundua njia: mmoja aimbe studioni, mwingine achezeshe midomo mbele ya kamera. Tangu hapo uzuri wa uso na uzuri wa koo ukawa ni ajira mbili. (Walimwengu waliposhangaa kumwona Kili Paul wetu, kijana wa Kimasai wa Tanzania, akichezesha midomo kwa nyimbo za India hadi Waziri Mkuu Modi akamtaja redioni Februari 2022, mimi nilisema moyoni: kijana ameingia kwenye kazi ya zamani sana.)

Kuazima huku kulifika mbali kuliko sinema. T. M. Soundararajan, mtu wa Madurai ambaye nyumbani kwao walisema Kisaurashtra, aliwaimbia mahasimu wawili wa skrini, MGR na Sivaji Ganesan, na alibadili koo lake kwa kila mmoja hata ukafumba macho ukajua nani anayeonekana. Nyimbo alizomwimbia MGR zilikuwa za mtetezi wa wanyonge: wavuvi, wakulima, wavuta riksho. MGR, mzaliwa wa Sri Lanka mwenye asili ya Kimalayalam, akaigeuza sifa hiyo kuwa kura, akawa waziri mkuu wa jimbo mwaka 1977, na alifariki mwaka 1987 akiwa bado madarakani. Amma alimpigia kura kila mara. Nilimtania kwamba alimpigia Soundararajan. Hakubisha.

Hadithi aliyoipenda zaidi ni ya Balasubrahmanyam, ambaye watu wote humwita SPB. Mwaka 1969 alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, akachaguliwa kuimba “Aayiram Nilave Vaa” katika filamu ya MGR iitwayo Adimaippenn. Akaugua homa ya matumbo. Mtu yeyote angetafuta mwimbaji mwingine, lakini MGR aliisogeza kazi mbele mpaka kijana akapona, kwa sababu kijana huyo alikwisha kuwatangazia marafiki zake kwamba ataimba katika picha ya MGR, na asingeweza kuwatazama usoni. SPB mwenyewe aliisimulia hadithi hii maisha yake yote. Nyimbo zake zinahesabiwa kufika 40,000.

Mimi, kwa kuwa ni mpiga kinanda, moyo wangu uko kwa watunzi. Ilaiyaraaja alitoka kijiji cha Pannaipuram, akazunguka na kundi la kaka yake wakiimba kwenye mikutano ya Wakomunisti, na mwaka 1976, katika Annakili, akaleta ngoma na sauti za shambani ndani ya sinema, pamoja na fidla za Kizungu. Ametengeneza muziki wa filamu zaidi ya 1,000. Wakati wake bendi nzima ilikaa chumba kimoja na mwimbaji, na mmoja akikosea wote wanarudi mwanzo. Mmoja wa waliompigia kinanda alikuwa kijana aliyefiwa na baba akiwa na miaka 9, A. R. Rahman, mpiga kinanda mwenzangu, nisamehewe kujipandisha. Yeye alijenga studio nyumbani kwake Kodambakkam, mtaa wa sinema wa Chennai, akaanza kurekodi kila sauti peke yake na kuzipanga tabaka juu ya tabaka, mara nyingi usiku wa manane. Roja ilitoka mwaka 1992 na masikio ya India yote yakageuka. Mwaka 2009 alirudi na Oscar mbili. Sisi tunaotembea na midundo iliyohifadhiwa ndani ya kinanda ni watoto wa zama zake, hata kama hatujui.

Sasa turudi sebuleni, maana vita vilikuwa vimeanza.

Msimu ule mlikuwa na mume na mke, Senthil Ganesh na Rajalakshmi, waimbaji wa nyimbo za vijijini. Hawakutoka kwa mwalimu wa alfajiri. Waliimba kwa koo lililozoea uwanja wazi, nyimbo za mavuno na za kero za mkulima, kwa matamshi ya kwao. Amma alikuwa upande wao bila masharti. Mjukuu alikuwa upande wa waliosoma, na hoja yake ilikuwa nzito: hawa wawili wakipewa wimbo wenye sangathi ngumu wanaukwepa, na shindano ni la kuimba, si la kupendwa. Watazamaji hupiga kura, na msichana aliona kura ile ni ya huruma. Bibi na mjukuu walikula chakula cha usiku bila kusemezana, idli zikapoa.

Nikiulizwa mimi, msichana alikuwa na haki kuhusu ufundi. Nilisikia kwa masikio yangu sruthi ikiyumba. Lakini nimepiga arusi miaka 25, na najua kuna mwimbaji anayekwenda sawa na kinanda na watu wanaendelea kula pilau, na kuna mwingine, koo lake bovu kidogo, akisema neno moja wanawake wanasimama kutuza. Senthil alikuwa wa aina hiyo ya pili. Yeye hakuazima koo la mtu. Fainali ilipofika Julai akashinda, Amma akampigia simu dada yake Madurai wakapiga kelele dakika kumi, na mama akaniuliza kitandani kama kuna moto. Baadaye mume na mke waliimba wimbo wa filamu Charlie Chaplin 2, ukapendwa kila mahali.

Kuna jambo moja katika mashindano haya sikulipenda, na silipendi kokote linakofanyika: watoto. Kuna misimu ya watoto wadogo, na mtoto wa miaka 9 akitolewa, kamera inamsogelea, fidla zinaingia, machozi yanaonyeshwa mara tatu kwa mwendo wa pole. Hata Amma alikuwa akibadilisha stesheni hapo. Ila mwaka 2023 mjukuu, ambaye wakati huo alikuwa mwanachuo, aliniandikia kwamba shindano la watoto la Zee Tamil limeshindwa na msichana kutoka Jaffna, kaskazini ya Sri Lanka, na kwamba bibi yake amelia. Sikushangaa. Amma alipokuwa mdogo, redio ya India ilipozipa mgongo nyimbo za filamu, ni Redio Ceylon, ya hiyo hiyo Sri Lanka, iliyomletea kutoka ng'ambo ya bahari.

Septemba 2020 alinitumia ujumbe wa sauti, bila salamu. SPB alikuwa amefariki kwa korona. Ndani ya ujumbe hakuna maneno, ni Amma akiimba taratibu ule wimbo wa 1969, koo limekauka, feni inasikika nyuma. Nilimpa mama asikilize. Alisikiliza mara mbili, akarudisha simu.

Arusi ziliporudi, nikautia kwenye kinanda. Dada mmoja wa bendi yetu akautungia maneno ya Kiswahili ya kumsifu bibi arusi, tukaupiga Mji wa Kale, na wazee wakaja kuniuliza ni wa picha gani ya Kihindi. Nikaurekodi kwa simu, nikautuma Chennai. Jibu lilikuja kesho yake, limeandikwa na mjukuu: Amma amefurahi sana, amewaita majirani wausikie, lakini anasema mstari wa pili umeimeza sangathi. Rudia.