Mwizi alishikwa, lakini hakupigwa

Wazo la mwanafunzi mmoja juu ya kitabu cha upelelezi



Kama unaishi katika kartie zetu za migodi, unajua kelele hii: «Mwizi! Mwizi!» Mbele ya kuuliza nani ameibiwa, miguu inakuwa imekwisha kukimbia. Kila mtu anaokota kitu njiani. Mimi pia nilikimbia, siku moja ya posho, nikitoka masomoni. Nilikuwa na jiwe mkononi, na nililitupa. Sikujua jina la kijana yule, wala kitu walichosema ameiba. Polisi walimtoa pale, damu ikimtoka usoni. Kisha siku mbili tukasikia kama mfuko ule aliokuwa ameshika ulikuwa wake mwenyewe.

Ninakuambia hayo kwa haya. Ninakuambia kwa sababu ya kitabu chenye nilisoma kisha siku ile. Nilikichukua katika biblioteke ndogo ya parokia kwa kujifurahisha tu, maana kwa jalada waliandika kama ni habari ya wapelelezi. Kumbe kilikuwa kinanitafuta mimi.

Kitabu kinaitwa kwa Kifaransa «Émile et les Détectives». Aliyekiandika ni Mjerumani, Erich Kästner, na kilitoka katika mwaka 1929. Habari yake ni hii.

Emil Tischbein ni mtoto wa mjane. Mama yake anaosha na kutengeneza nywele za watu nyumbani, katika mji mdogo wa Neustadt. Mama huyu utamjua mara moja, hata kama hujafika Ulaya: anahesabu kila kipande cha feza, anajinyima, mtoto apate kusoma. Siku moja anamtuma Emil kwa nkambo yake huko Berlin, kwa treni. Anampa marki 140: 120 za nkambo, 20 za Emil mwenyewe. Mtoto anaogopa kuzipoteza. Anaziweka katika bahasha, bahasha anaiweka katika mfuko wa ndani wa koti, kisha anachoma sindano ipite katika bahasha, katika noti, mpaka katika kitambaa. Ushike sindano ile katika akili yako, ndugu msomaji.

Katika treni Emil anabaki na bwana mmoja mwenye kofia, jina lake Grundeis, mwenye kumgawia chokoleti. Emil anasinzia. Anapoamka, bwana hayuko na feza haziko. Treni inasimama, Emil anaona kofia ile katikati ya watu, anaruka chini na kuifwata.

Unaona basi: mwizi tunamjua tangu mwanzo. Rafiki yangu mmoja alinirudishia kitabu akisema: «Iki hakina siri, bwana, mwizi njo ule wa kofia!» Mimi nawaza kama siri iko fasi ingine. Ulizo la kitabu ni hili: utaonyesha namna gani kama feza ile ni yako? Noti moja inafanana na noti ingine. Mtoto anasema «ni yangu», mtu mkubwa anasema «ni yangu». Watamwamini nani?

Tena Emil hawezi kukimbilia polisi. Kule kwao alichezea sanamu ya mkubwa mmoja wa zamani, akaipaka pua nyekundu na ndevu za rangi. Anawaza kama polisi wakimwona tu, watamfunga. Jambo hilo linachekesha, lakini mimi sikucheka sana. Vijana wangapi kati yetu wako na shida kubwa na hawamwambii baba, wala mama, wala padri, sababu ya kosa dogo lenye walificha? Kosa lile dogo linafunga kinywa, na mwizi anaendelea kutembea.

Basi katika njia za Berlin anakutana na Gustav, kijana mwenye honi mfukoni. Gustav anaita wengine. Wanagawa kazi: huyu alinde, huyu apeleke habari, huyu abaki nyumbani karibu na telefone. Wanamfwata Grundeis kwa taksi mpaka kwenye oteli. Hapo wanabishana. Mmoja anataka waingie waibe ile feza, si ni ya Emil? Lakini wanapatana kama kuchukua kitu kwa kujificha ni wizi tu, hata kama kitu ni chako. Niliposoma pale nilifunga kitabu kidogo. Watoto wale walifikiri mbele ya kutenda. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wao, na nilitenda mbele ya kufikiri.

Asubuhi Grundeis anatoka katika oteli. Watoto wamekuwa sawa mia moja. Akitembea, wanatembea, akisimama, wanasimama. Mkono wao haumgusi, jiwe halirushwi. Anatoka jasho kwa sababu ya macho tu. Anakimbilia katika banki abadilishe noti, na watoto wanaingia nyuma yake. Anasema feza ni yake. Ndipo Emil anakumbuka: noti zake sharti ziwe na matundu ya sindano! Wanazitazama vizuri, na matundu yako pale. Grundeis anataka kukimbia, watoto wanamshika mikono na miguu. Na nani anamleta polisi? Ni Pony, binti ya mamake mdogo wa Emil, mwenye kufika na kinga yake ndogo. Kisha wanavumbua kama mtu huyu aliiba katika banki ingine, na Emil anapata zawadi ya marki 1000.

Sasa wazo langu. Kitabu hiki kina makosa. Zawadi ile kubwa ni bahati ya vitabu. Katika maisha, mara nyingi feza ya mama inapotea kabisa. Tena dada yangu alilalamika: «Bavulana banalinda, banapanga, Pony banamutuma alete mikate!» Ni kweli. Lakini nilimjibu kama bila Pony, polisi hangefika upesi.

Lakini niko na shukrani kwa mambo mawili. La kwanza ni yale matundu. Tundu la sindano ni kitu kidogo sana, na ndilo lilishinda kelele zote. Torati ya Musa pia ilikataza kumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja; walipashwa kuwa wawili ao watatu. Siku ile ya posho tulikuwa watu wengi kuliko watoto wa Emil, lakini hatukuwa na shahidi hata mmoja. Tulikuwa na mawe.

La pili ni mtoto wanayemwita Dienstag mdogo, yule wa telefone. Alitamani sana kwenda kuona mwizi akishikwa. Lakini alikubali kazi ile, akabaki. Mwishoni nkambo ya Emil anamsifu yeye kuliko wengine. Wewe mwenye kufagia kanisa wakati wenzako wanaimba katika kwaya, ujue kama nkambo yule anakuona.

Neno moja juu ya mwandishi. Kästner alizaliwa Dresden katika mwaka 1899, na mama yake mwenyewe alitengeneza nywele za watu ili mtoto asome. Katika mwezi wa tano 1933, huko Berlin, wanafunzi wa universite na watu wa Hitler walichoma vitabu katikati ya mji, wakipiga kelele za majina ya waandishi. Jina lake lilitajwa. Yeye alikuwa amesimama pale pale, akitazama. Mtu mwenye kuandika habari ya kundi la watoto lisilopiga, aliona kwa macho yake kundi la watu wenye kusoma sana, wakichoma. Kwa hiyo masomo peke yake hayatoshi.

Kijana yule wa soko nilimtafuta. Nilimpata, nikamwambia kama jiwe moja lilikuwa langu. Hakusema maneno mengi. Alinionyesha tu kovu, juu ya jicho. Sijui kama ni jiwe langu ao la mwingine, na sitajua. Lakini ukisikia tena kelele ile katika kartie yako, ndugu msomaji, ukimbie kama Pony: uende ulete mtu wa sheria. Na kama umekwisha kufika pale, uulize kwa sauti: «Nani aliona?»

Kwa kuzungumza nyumbani:
1. Kosa gani dogo linaweza kumzuia mtoto wetu asiombe msaada?
2. Katika kartie yetu, tunaweza kumshika mwizi namna gani bila kumpiga?
3. Nani kwetu anafanya kazi ya Dienstag mdogo, na tumekwisha kumshukuru?