Oili Chafu Haiponyi Mbao

Mji unaoishi kwa malori haukosi oili chafu. Kuanzia foleni ya mpaka wa Tunduma hadi gereji za Mpemba, pale njia ya Ileje inapochepuka, kupata dumu moja si kazi. Ndiyo maana mwimo wa mlango ukianza kuoza chini, tiba inayokuja haraka ni kupaka oili. Mwimo unakuwa mweusi, unang'aa, na kwa ndani unaendelea kuoza.

Anayeuozesha ni kuvu. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hupenya ndani ya mbao na kutoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi, ile inayoupa mti nguvu. Inabaki lignini: rangi ya hudhurungi, imepasukapasuka vipande vya mraba, na ukiifikicha inakuwa unga. Uozo huu hupenda sana mbao za msindano. Mchwa ni kesi nyingine. Yeye huacha njia za udongo.

Kuvu hutaka maji na hewa kwa pamoja. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20 hivi, husimama. Hewa ikikosekana, vilevile. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa yakaumana, yamefukiwa kwenye mchanga uliojaa maji. Mwaka 2023 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza kuwa yana umri wa miaka 476,000 au zaidi, yaani yalichongwa kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Yalizama moja kwa moja, yakapona.

Mwimo wetu haupati bahati hiyo. Mvua za huku kwetu Songwe, Novemba hadi Aprili, humwaga maji mguuni pake. Ncha iliyozikwa kwenye saruji huyanyonya kama utambi, na hewa ipo tele. Oili haifiki huko. Hubaki juujuu, hufungia unyevu ndani, hubeba mabaki ya metali kutoka kwenye injini, na rangi utakayopaka baadaye haishiki.

Fundi makini huanza na maji: bati fupi, matone yanayoruka kutoka chini, sakafu inayoinamia mlangoni. Kisha bisibisi. Inapozama bila kubisha, hapo pamekufa. Anakata hadi kwenye mbao ngumu, anaongeza sentimita kadhaa kwa sababu nyuzi hutangulia mbele ya uozo unaoonekana, na anakata mshazari ulioinamia nje ili maji yateremke. Mbao ikikauka, anapaka mmumunyo wa boroni wa kuua kuvu, anaunga kipande kipya kikavu kwa skrubu na gundi isiyoogopa maji, halafu rangi juu, maana boroni huoshwa na mvua. Ncha mpya iishie juu ya saruji, si ndani yake. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo rahisi kuliko yote.

Ukinunua mbao za kiwandani zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na arseniki, kama nguzo nyingi za umeme, dawa ilisukumwa ndani kwa mgandamizo lakini si lazima ifike kiini. Kila unapokata, paka dawa sehemu mpya. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni: moshi na majivu yake yana arseniki.